Tippu Tip: Tajiri wa pembe aliyeishi kwa mkopo wa Forodhani

JINA lake halisi lilikuwa Hamed bin Muhammed bin Juma el-Murjebi. Hata hivyo, kuanzia Unguja, kupitia Bagamoyo na Tabora, hadi Kisangani nchini Kongo, ni wachache wanaolitambua jina hilo. Wanamjua kama Tippu Tip. Wapo wanaolitaja jina hilo kwa hofu, wapo wanaolitaja kwa chuki, na wapo wanaolitaja kama kivutio cha watalii wanaotembezwa katika vichochoro vya Mji Mkongwe.

Yaliyoandikwa juu yake ni mengi, na sehemu kubwa yanahusu bunduki na minyororo. Ni haki yaandikwe hivyo. Lakini kuna upande mmoja wa maisha yake ambao hautajwi sana, nao ndio unaoyafungua mengine yote: mtu huyu aliyeogopwa kutoka Tabora hadi mto Lualaba alikuwa mdaiwa kwa sehemu kubwa ya umri wake. Kila alipoingia bara aliingia na mali ya mwingine. Kila alipotoka alikuwa na deni la kulipa katika bandari ya Unguja, ambako hesabu zilifungwa na watu ambao hawakuwahi kukanyaga hata Mpwapwa.

Alizaliwa Unguja kati ya miaka ya 1830, na wanahistoria wengi huutaja mwaka 1837. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyabiashara wa misafara, na babu yake naye aliwahi kwenda bara. Mama yake alikuwa wa ukoo wa el-Wardi, wenye asili ya Muscat. Damu ya Kiafrika kutoka upande wa baba ilionekana wazi katika sura yake, kiasi kwamba wazungu waliomtazamia Mwarabu wa vitabuni walishangaa walipokutana naye. Lugha yake ya kila siku ilikuwa Kiswahili.

Akiwa kijana wa miaka 12 hivi alianza kufuatana na ndugu zake katika safari fupi za pwani kununua sandarusi, ule utomvu mgumu uliochimbwa ardhini na kupelekwa Ulaya na Marekani kutengenezea vanishi. Ilikuwa biashara ndogo, yenye mizigo mepesi na faida ya haraka. Hapo alijifunza kupima, kukopa na kurudisha. Alipotimiza miaka 18 baba yake alimchukua kwenda naye Unyanyembe.

Unyanyembe ndiyo nchi ambayo ndani yake ulikua mji wa Tabora. Wafanyabiashara kutoka pwani walikuwa wameweka makazi huko kabla ya mwaka 1850, na Waingereza Burton na Speke walipofika Novemba 1857, wakiuita mji huo Kazeh, walikuta tembe kubwa, bustani na maghala. Msafara kutoka Bagamoyo ulitumia miezi mitatu au zaidi kufika hapo. Kutoka Tabora njia ziligawanyika: moja kuelekea magharibi hadi Ujiji na ng'ambo ya ziwa Tanganyika, nyingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda, nyingine kusini kuelekea Ufipa na nchi ya Kazembe. Kwa maneno mengine, Tabora ilikuwa bandari isiyo na maji. Mizigo ilishushwa, ikahesabiwa upya, ikafungwa upya na kubebwa na wapagazi wengine.

Na kama ilivyo kwa bandari yoyote, lilikuwapo suala la ushuru. Watemi wa nchi zilizopitiwa na misafara walidai hongo. Neno hilo siku zile halikuwa na maana ya rushwa kama lilivyo leo, bali lilikuwa malipo halali ya kupita katika nchi ya mtu. Ugogo ilijulikana kwa hongo kubwa, kwa kuwa maji yalikuwa machache na visima vilikuwa vya wenyewe. Unyanyembe, mtemi Fundikira aliishi vizuri na wageni. Muhammed bin Juma alimwoa binti yake, Karunde, akajenga Ituru, karibu na Tabora. Ndoa hiyo ilimfanya mfanyabiashara huyo kuwa mkwe wa ikulu, na mali yake ikawa na ulinzi ambao pesa peke yake isingeweza kuununua.

Fundikira alifariki mwaka 1858. Mrithi wake, Mnywa Sere, aliona wageni wamezidi kunenepa katika nchi yake, akataka mizigo yao itozwe. Wafanyabiashara wakakataa. Badala ya kulipa, wengi wao walishikamana na mpinzani wake, Mkasiwa, na mnamo mwaka 1860 Mnywa Sere akaondolewa madarakani. Alikaa porini miaka kadhaa akishambulia misafara, hadi aliponaswa na kuuawa mwaka 1865. Vita hiyo huelezwa mara nyingi kama ugomvi wa urithi. Ilikuwa hivyo, lakini chanzo chake hasa kilikuwa ushuru: nani ana haki ya kuutoza, na kwa kiwango gani.

Kijana Hamed aliyaona hayo akiwa karibu na meza ya baba yake. Hata hivyo hakukubali kukaa chini yake kwa muda mrefu. Baba alipotaka mali ya safari ya ng'ambo ya ziwa Tanganyika iwekwe chini ya mtu mwingine mzoefu, kijana alikasirika na kutishia kurudi pwani, na baba akakubali kumwachia mwanawe mali hiyo. Huko Urua alifanya jambo lililoonyesha akili yake ya biashara. Wengine waligombania pembe kubwa, ambazo bei yake ilikuwa juu. Yeye alinunua zile ndogo, zilizodharauliwa, kwa bei nafuu, na alipozifikisha sokoni faida yake haikuwa haba.

Hapa inafaa kueleza jinsi fedha zilivyofanya kazi, kwa kuwa bila hilo maisha yake hayaeleweki.

Bandarini Unguja hesabu zilifanywa kwa reale, ile sarafu ya fedha yenye sura ya malkia Maria Theresa wa Austria. Rupia ya India nayo ilikuwa ikiingia kwa nguvu, hasa kuanzia miaka ya 1860. Lakini reale haikuwa na kazi kubwa bara. Mpagazi wa Kinyamwezi, mkulima wa mtama wa Ugogo au mvuvi wa Ujiji hakula fedha. Alitaka nguo, shanga, nyaya za shaba au baruti. Nguo iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ile ya pamba nyeupe isiyotiwa rangi iliyotoka viwandani Marekani na kuletwa na meli za Salem, Massachusetts. Waswahili waliiita merikani, na jina hilo lingalipo. Kulikuwa pia na kaniki, iliyotiwa rangi ya buluu iliyoiva. Nguo ilipimwa kwa mkono, kwa shuka na kwa doti.

Shanga zilikuwa na matatizo yake. Kila nchi ilikuwa na rangi na umbo lake. Ujiji shanga ziitwazo sofi zilitumika sokoni kama sarafu kamili, lakini mtu aliyezipeleka mahali pengine angeweza kubaki na mzigo usionunua hata kuku. Shanga nyekundu, samisami, zilikubalika sehemu nyingi, ila si zote. Mfanyabiashara aliyetoka Unguja mwezi wa kwanza alipaswa kujua wanawake wa Manyema wangependa kuvaa nini baada ya mwaka mmoja. Aliyekosea alifilisika.

Kwa hiyo reale ya Unguja iligeuzwa kuwa merikani na shanga, na kadiri mzigo ulivyoingia ndani ndivyo thamani yake ilivyopanda, kwa sababu kila siku ya njia ilikuwa na gharama ya wapagazi, posho na hongo. Huko ndani nguo iligeuka pembe. Pembe ikarudi pwani, ikawa reale tena. Pembe ilipimwa kwa frasila, ambayo ni ratili 35, karibu kilo 16. Duru moja ya namna hiyo ilichukua miaka miwili, mitatu, wakati mwingine zaidi ya kumi, na muda wote huo mkopo ulikuwa ukizaa.

Mkopeshaji alikuwa nani? Mara nyingi alikuwa mtu yuleyule aliyetoza ushuru. Masultani wa Unguja hawakukusanya ushuru wa forodha wenyewe. Waliukodisha kwa mfanyabiashara aliyetoa kiasi maalumu kila mwaka, naye akakusanya kwa niaba yake mwenyewe. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilishikwa na nyumba ya Jairam Shivji, Banyani kutoka Kutch, ambaye msimamizi wake Ladha Damji aliiendesha forodha hadi miaka ya mwisho ya uhai wake. Mwaka 1876 ikachukuliwa na Taria Topan, Khoja wa Ismailia. Bidhaa zilizoingia kwa meli za nje zilitozwa asilimia 5 kwa mujibu wa mkataba na Marekani wa mwaka 1833 na mingine iliyofuata. Pembe zilizotoka bara zilitozwa kwa frasila, na kiwango kilitegemea zilikotoka. Wageni wa Ulaya na Marekani hawakuruhusiwa kununua pembe wala sandarusi moja kwa moja katika pwani ya Mrima. Walilazimika kungoja Unguja. Mfumo huo ulimpa mkodishaji wa forodha nguvu ya ajabu: aliyajua majina ya waliotoka na mizigo mingapi, na waliorudi na pembe ngapi. Deni lilidaiwa gatini.

Tippu Tip alianza kujitegemea kwa mikopo midogo. Jina lake la kwanza la kutisha alilipata karibu tu na pwani. Katika safari moja ya miaka ya 1860 aliajiri mamia ya wapagazi wa Kizaramo na kuwalipa kabla ya safari. Wakatoroka. Alirudi na watu wenye bunduki, akavamia vijiji, akawakamata watu na kuwafunga, kisha akawaingiza bara wakibeba mizigo yake. Wazaramo wakamwita Kingugwa Chui, kwa kuwa chui akishambulia hachagui. Aliyafanya yote hayo kwa sababu ya fedha za watu aliowadai, nazo zilikuwa fedha alizodaiwa na wengine. Ndivyo deni lilivyoshuka ngazi hadi likamfikia mtu asiyejua hata kwamba Unguja kuna daftari.

Mwaka 1867 akafika Itawa, nchi ya mtemi Nsama, kusini magharibi mwa ziwa Tanganyika. Nsama alikuwa ameshawashinda wafanyabiashara wengine, akawanyang'anya mali, na ghala lake la pembe lilisifiwa mbali. Yalipozuka mapigano Tippu Tip alijeruhiwa kwa mishale, lakini bunduki za watu wake zikaamua. Alitoka Itawa na frasila karibu 2,000 za pembe, yaani zaidi ya tani 30, pamoja na shaba nyingi ya Katanga. Mwenyewe alieleza kwamba jina Tippu Tip lilitokana na mlio wa bunduki hizo masikioni mwa waliokimbia. Wengine husema lilitokana na tabia yake ya kupepesa macho. Maelezo yote mawili yangalipo na hayana haja ya kupatanishwa. Mwaka huohuo alikutana na Dk. David Livingstone, akamsaidia kwa chakula na watu wa kumwongoza. Mmisionari aliyeichukia biashara ya watumwa alilazimika kutembea na waliokuwa wakiifanya, kwani hakukuwa na njia nyingine ya kutembea.

Aliporudi pwani mwaka 1869, Sultani Majid bin Said alikuwa katika shughuli za kuujenga mji wake mpya wa Dar es Salaam. Kijana aliyeondoka na mkopo mdogo alirudi na mzigo uliomshangaza kila mtu wa Forodhani. Sasa wakopeshaji ndio waliomtafuta. Taria Topan akamwamini kwa mali yenye thamani ya reale 50,000 hivi. Kiasi hicho kilikuwa kikubwa mno kwa mfanyabiashara mmoja. Wakati huo kipindupindu kiliingia Unguja na kuua maelfu. Majid alifariki mwaka 1870 na ndugu yake, Barghash, akatawala.

Tippu Tip akaondoka. Hakurudi Unguja kwa miaka 12.

Sehemu ya sababu ilikuwa Tabora. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyekuwa ameunganisha himaya yake kwa msaada wa askari wa rugaruga, aligombana na wafanyabiashara wa Unyanyembe. Hongo, tena. Walipomshambulia aliwapiga, akamuua Khamis bin Abdallah, mmoja wa wakuu wao, na njia ya Ujiji ikafungwa. Henry Morton Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alishiriki katika mashambulizi hayo na kukimbia pamoja na wengine. Tembe aliyokaa Livingstone mwaka uliofuata ipo Kwihara, kilomita chache kutoka mjini Tabora, nayo huhifadhiwa kama makumbusho. Vita hiyo iliendelea kwa miaka kadhaa, na kila pembe iliyozuiwa Tabora iliipandisha bei ya pembe iliyokuwa ghalani Unguja. Tippu Tip, tofauti na wengi, hakumfanya Mirambo adui. Aliliona jambo ambalo wenzake wa Tabora walichelewa kuliona: mtu anayeweza kuifunga njia ni afadhali alipwe.

Wakati huo yeye alikuwa mbali zaidi. Akiwa Utetera, katika Kongo ya leo, alifanya hila ambayo baadaye aliisimulia bila haya. Alikuwa amesikia kwamba mtemi mzee Kasongo Rushie alikuwa na dada waliotekwa zamani na hawakurudi. Tippu Tip akajitokeza kama mjukuu wa mmoja wao. Mzee, kwa furaha, akampokea na kumwachia utawala pamoja na haki ya pembe za nchi nzima. Kuanzia hapo hakuwa tena mnunuzi wa pembe. Alikuwa mtozaji. Alijifanyia Manyema kile ambacho Taria Topan aliufanyia mji wa Unguja, ila yeye alikuwa na bunduki badala ya daftari.

Hapa ndipo gharama halisi ya pembe zile inapoonekana. Vijiji vilivyokataa kutoa vilichomwa. Wanawake na watoto walishikwa na kukombolewa kwa pembe, na wasiokombolewa walitumikishwa mashambani Kasongo na Nyangwe, au walibebeshwa mizigo kuelekea mashariki. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira na waliojua kuutetea. Wale waliotoka Manyema wengi hawakuwa na hiari hiyo. Pembe zilipofika London, Bombay au Connecticut, katika miji ya Deep River na Ivoryton, zilikatwa vipande vyembamba kuwa vitufe vya piano, vingine vikawa mipira ya biliadi. Aliyepiga piano sebuleni kwake Boston hakuwa na namna ya kujua.

Mwaka 1876 Stanley alifika tena, akitaka kuufuata mto Lualaba hadi utakapomfikisha. Waliandikiana mkataba: Tippu Tip amsindikize kwa vituo 60, kwa malipo ya reale 5,000. Msitu ulikuwa mnene, ndui ikaua watu, na kabla ya mwisho wa mwaka Tippu Tip akarudi nyuma kabla ya vituo kutimia. Stanley aliendelea hadi Atlantiki na kuwa maarufu duniani. Tippu Tip alilalamika maisha yake yote kwamba alilipwa sehemu tu ya fedha, na kwamba zawadi kubwa alizoahidiwa zilikuja kuwa picha ya Stanley mwenyewe. Kwa mtu aliyelelewa katika biashara ya mkopo, ambako neno lilikuwa dhamana, hilo lilikuwa kosa lisilosahaulika.

Aliingia tena Unguja Novemba 1882 baada ya kupita Tabora na pembe nyingi kupita kiasi. Baba yake alikuwa ameshafariki. Aliyalipa madeni ya Taria Topan na kubaki tajiri. Hapo angeweza kustaafu. Lakini Barghash alimhitaji huko Manyema ili bendera nyekundu ya Unguja isimame kabla ya zile za Ulaya, naye mwaka 1883 akarudi.

Alichelewa. Mkutano wa Berlin wa mwaka 1884 na 1885 ulimpa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji nchi ambayo Tippu Tip aliiona kuwa yake. Mirambo alifariki Desemba 1884 na himaya yake ikadhoofika. Wajerumani nao walikuwa na mikataba yao ya Usagara. Mwaka 1886 watu wa Tippu Tip, wakiongozwa na mpwa wake Rashid, walikipiga kituo cha Dola ya Kongo kwenye maporomoko ya Stanley na kikaachwa kikiwaka moto. Yeye mwenyewe alikuwa njiani kwenda Unguja. Barghash alimweleza ukweli mchungu: hakuwa tena na uwezo hata wa kuilinda pwani yake, sembuse Manyema.

Ndipo Stanley akatokea kwa mara ya tatu. Februari 1887, katika mji wa Unguja, Tippu Tip alikubali kuwa gavana wa maporomoko kwa niaba ya Leopold kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Ni vigumu kuelewa jinsi mtu aliyekusanya pembe kwa maelfu ya frasila alivyoweza kukubali mshahara wa karani, isipokuwa kama tunatambua kwamba alikuwa akinunua muda. Walipanda meli Madura, wakalizunguka Rasi ya Tumaini Jema, wakafika mdomo wa mto Kongo mwezi Machi. Safari ambayo yeye aliifanya kwa miezi mingi ya miguu kutoka mashariki, meli iliifanya kwa majuma machache kutoka magharibi.

Bila shaka aliyaona yaliyokuja. Kama pembe za Manyema zingeweza kushuka mtoni kwa mashua za mvuke hadi Atlantiki, hakukuwa na sababu ya kuzipandisha vichwani hadi Tabora na Bagamoyo. Baada ya miaka michache Antwerp ikawa soko kubwa la pembe, ikishindana na London na kisha kuipita. Dola ya Kongo ikatoa amri za kujitwalia pembe. Kilichobaki kwa wafanyabiashara wa mashariki kilikuwa kidogo, na walijua.

Pwani nayo ilikuwa ikibadilika, tena kupitia forodha. Aprili 1888 Sultani Khalifa, aliyemrithi Barghash, aliikodisha pwani ya bara pamoja na ushuru wake kwa kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki. Mwezi Agosti maofisa wa kampuni walipopandisha bendera yao na kuanza kutoza, pwani ikawaka moto chini ya Abushiri bin Salim. Vita hiyo ilizimwa na Abushiri akanyongwa Pangani Desemba 1889. Mwaka uliofuata Ujerumani ililipa marki milioni 4 na pwani ikawa yake kabisa, huku Unguja ikiwekwa chini ya ulinzi wa Uingereza. Agosti 1890 bendera ya Ujerumani ikapandishwa Tabora. Mtemi Isike wa Unyanyembe alipinga, na Januari 1893, ngome yake ilipovunjwa, alijilipua kwa baruti badala ya kushikwa. Kampuni ilitoa rupia na pesa zake yenyewe, na polepole merikani ikarudi kuwa nguo tu. (Ajabu ya historia: mwaka 1916, Wajerumani walipokatiwa mawasiliano na vita, walitengeneza sarafu mjini Tabora katika karakana ya reli. Ile ya dhahabu, ya rupia 15, ilichorwa tembo.)

Tippu Tip aliondoka Kongo mwaka 1890. Moja ya mambo yaliyomfukuza ni shauri. Stanley alikuwa amemfungulia madai katika mahakama ya ubalozi wa Uingereza, Unguja, akidai kwamba kuchelewa kwake kutoa wapagazi kuliiangamiza sehemu ya msafara wa kumwokoa Emin Pasha. Zaidi ya pauni 10,000 za Tippu Tip zilizokuwa mikononi mwa wakala wake wa nyumba ya Topan zikazuiliwa. Hatimaye madai yaliondolewa. Lakini inafaa kuzingatia: mtu ambaye hakuna jeshi la bara lililomshinda alirudishwa pwani na karatasi ya mahakama. Alipita Tabora kwa mara ya mwisho ikiwa chini ya bendera ya wengine na kufika Unguja Julai 1891. Mwaka huo Taria Topan, ambaye Malkia Victoria alimpa cheo cha Sir, alifariki.

Alichokiacha Manyema kilipotea haraka. Vita kati ya Dola ya Kongo na wafanyabiashara wa mashariki ilianza mwaka 1892. Mwanawe Sefu aliuawa mwaka 1893. Rashid akasalimu amri. Muhammed bin Khalfan, maarufu kwa jina la Rumaliza, aliyekuwa mshirika wake wa biashara huko Ujiji, alikimbilia pwani, na wazee hao wawili wakamaliza miaka yao wakibishana mahakamani juu ya mali.

Bado alikuwa na nyumba kubwa Shangani na mashamba saba ya karafuu na minazi. Mashamba hayo yalilimwa na watumwa hadi amri ya Aprili 1897 ilipoifuta hali ya utumwa kisheria katika Unguja na Pemba, ingawa wengi wa walioachwa huru hawakuwa na ardhi ya kwenda kulima kwingine.

Katika miaka hiyo ya utulivu ofisa wa ubalozi wa Ujerumani, Heinrich Brode, alimshawishi aandike habari za maisha yake. Aliandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na Brode akaziweka katika herufi za Kilatini na kuzichapisha Berlin kuanzia mwaka 1902. Ni miongoni mwa tawasifu za mwanzo kabisa za Kiswahili kuchapishwa. Msomaji anayetafuta majuto humo hatayapata. Atakayezitafuta hesabu atazipata: frasila ngapi zilitoka wapi, nani alikopesha, nani hakulipa. Watu waliokufa njiani hutajwa kwa pamoja. Pembe hutajwa kwa idadi.

Alifariki kwa malaria mjini Unguja Juni 1905. Mwezi uliofuata vita vya Maji Maji vilianza kusini mwa nchi ambayo aliijua njia zake zote. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kazi ya upagazi iliyoufanya mji huo ukue ikaanza kumalizika. Miembe iliyopandwa na misafara ingalipo pembeni mwa njia ya zamani, na wakazi wa Ng'ambo, Kwihara na Ujiji huila matunda yake kila msimu. Nyumba yake nayo imesimama Shangani, ngazi zake za mawe meusi na meupe zikiwa zimechakaa, na ndani yake zimekuwa zikiishi familia nyingi.